Kifuniko kimoja, nchi saba: tuliyojifunza tukiomba hataza kutoka Nairobi

Kifuniko chenyewe ni kitu kidogo. Kinakaa juu ya mtungi wa alumini wa lita 50, ule unaofungwa nyuma ya pikipiki Limuru alfajiri na kuingia Nairobi kabla watu hawajanywa chai. Kina tundu la milimita 4, gololi na springi. Maziwa yakipata joto na kutikisika, hewa inatoka. Pikipiki ikiruka tuta, gololi inaziba tundu na maziwa hayamwagiki. Kutoka hapo hadi kuwa na maombi ya hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitengeneze uvumbuzi wako, katika nchi saba ilichukua miezi 31. Makosa karibu yote yaliyotugharimu yalifanyika katika wiki tatu za mwanzo, kabla hatujalipa hata shilingi moja.

Wengi bado wanaamini kuna hataza ya dunia nzima. Haipo. Hataza ya Kenya inakomea Namanga na Busia. Ukivuka mpaka, mtu anaweza kutengeneza kifuniko kilekile na hajakukosea kisheria. Kilichopo ni mikataba miwili inayokupa muda. Wa kwanza ni Mkataba wa Paris wa 1883, ambao Kenya imo tangu 1965. Ukiwasilisha ombi lako la kwanza katika nchi mwanachama, una miezi 12 ya kuomba kwingine, na maombi hayo ya baadaye yanapimwa kana kwamba yaliwasilishwa siku ile ya kwanza. Siku hiyo ndiyo tarehe ya kipaumbele. Wa pili ni mkataba wa ushirikiano wa hataza, kwa kifupi PCT, uliotiwa saini Washington mwaka 1970, na Kenya iliingia mwaka 1994. Unawasilisha ombi moja kwa lugha moja, na uamuzi wa nchi zipi unazitaka unasogezwa hadi mwezi wa 30 au 31 tangu tarehe ya kipaumbele. Baada ya hapo kila nchi inakagua yenyewe, inatoza ada zake, na inaweza kukubali kile ambacho jirani yake amekikataa.

Muda huo tuliuelewa mapema. Ambacho hatukukielewa ni kwamba katika safari hiyo yote, kinachosafiri ni maandishi ya siku ya kwanza. Huwezi kuongeza jambo jipya njiani. Unaweza kupunguza na kupanga upya, lakini ambacho hakikuandikwa siku ile hakimo, hata kama kilikuwemo kichwani mwako na kwenye meza ya fundi.

Kabla ya maandishi kuna siri, kwa kuwa hataza hupewa kitu kipya ambacho umma haujakijua. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 inamvumilia mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe, mradi awasilishe ombi ndani ya miezi 12 tangu alipotangaza. Marekani nao wana uvumilivu wa miezi 12. Ulaya hawana, isipokuwa kwa aliyefanyiwa hila iliyo wazi, au kwa maonyesho machache ya kimataifa yaliyotambuliwa rasmi. Maonyesho ya Jamhuri Park, Nairobi, hayamo. Kwa hiyo mtu anayepeleka kifaa chake Jamhuri, au anayekitia kwenye stetasi ya WhatsApp, au anayewauzia vipande kumi wauza maziwa ili aone soko, anaweza kubaki na haki yake Kenya na kuipoteza kwingine kwingi siku hiyohiyo. Hili linauma zaidi ya mengine yote kwa sababu mtu anakuwa amefanya kazi nzuri, amepongezwa, hata amepewa tuzo, na mlango umeshafungwa. Wasilisha kwanza, halafu uonyeshe.

Fundi anayekukatia na kukuchomelea hahesabiki kuwa umma ikiwa mmekubaliana kutunza siri. Karatasi moja inatosha: majina, namba za vitambulisho, kitu kinachotengenezwa, ahadi ya kutokionyesha wala kukitengenezea mtu mwingine, tarehe na sahihi. Kamukunji, kwa mafundi wa chuma wa Nairobi, tuliona inafaa pia kugawa kazi. Kofia ya alumini ilifanywa na fundi mmoja, kiti cha gololi na mwingine, na springi ilinunuliwa dukani. Hakuna aliyekuwa na kifuniko kizima mkononi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kwenye upekuzi, yaani kutafuta kama kuna aliyekwisha kuandika kitu kama chetu. Hifadhi za mtandaoni za hati za hataza, Patentscope na Espacenet, ni za bure, na tulizipekua kwa siku kadhaa tukitumia maneno kama mtungi wa maziwa, kifuniko cha maziwa, usafirishaji wa maziwa. Tulipata hati chache, tena za mbali, tukafurahi. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya. Hati za hataza hupangwa zaidi kwa kazi ambayo kitu kinafanya kuliko kwa soko lake. Vifuniko vyenye njia ya kutoa hewa vina namba yao katika uainishaji wa kimataifa, B65D 51/16, na humo wamekaa pamoja watu wa petroli, wa rangi, wa kemikali na wa vyakula. Mkaguzi wa ofisi ya hataza hupekua kwa namba hiyo. Tafuta hati mbili tatu zinazofanana na kitu chako, soma namba za uainishaji zilizo kwenye ukurasa wake wa kwanza, kisha upekue upya kwa namba hizo. Kazi ya siku moja hapa ingetuokolea mwaka mzima wa matumaini hewa.

Kosa la pili lilikuwa kwenye madai. Madai ni ile sehemu ya ombi inayosema kitu gani hasa unakitaka kiwe chako, na kila neno lililomo ni ukuta. Dai letu la kwanza, ukiliweka kwa Kiswahili, lilisema hivi: kifuniko cha mtungi wa maziwa chenye springi ya chuma cha pua inayobana gololi juu ya tundu la milimita 4. Lilionekana zuri kwa sababu lilieleza kifaa chetu sawasawa. Kasoro ni kwamba lilieleza kifaa chetu peke yake. Anayetumia tundu la milimita 5 yuko nje. Anayetumia utando wa mpira badala ya springi yuko nje. Anayekiweka kwenye mtungi wa uji yuko nje.

Wakala wa hataza alilibomoa lote. Alianza na swali moja: ukiondoa kipande hiki, kifaa bado kinafanya kazi? Springi iliondoka, kwa sababu mpira unaweza kufanya kazi ileile. Gololi iliondoka, ikawa kizuizi kinachosogea. Milimita 4 zikaondoka. Maziwa yakawa kimiminika. Likabaki dai pana: kifuniko chenye njia ya hewa, kizuizi kinachosogea kwa mtikisiko, na kifaa cha kukirudisha kizuizi mahali pake. Vile tulivyoviondoa havikutupwa. Vilishuka chini vikawa madai tegemezi. La pili lilisema kizuizi ni gololi, la tatu kwamba kifaa cha kurudisha ni utando wa mpira unaong'oka kwa mkono ili uoshwe, la nne kwamba tundu lina kipenyo kati ya milimita 3 na 6. Kila dai tegemezi ni mahali pa kurudi nyuma dai la juu yake likivunjwa. Siku ile tuliona wakala anajaza karatasi tu. Ukweli ulikuja kuonekana mwezi wa 16.

Michoro nayo isichukuliwe mzaha. Picha ya simu haitoshi. Mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, kila sehemu na namba yake, namba hiyohiyo ikitajwa ndani ya maelezo, maneno yasiwepo kwenye mchoro ila machache yasiyoepukika. Chora kifuniko kikiwa kimefungwa, kikiwa wazi, na kikiwa kimekatwa ubavuni ili tundu lionekane. Mchoro mzuri umewahi kuokoa dai ambalo maneno yake yalikuwa membamba, kwa kuwa kilichochorwa wazi nacho kinahesabika kuwa kilikuwemo siku ya kwanza.

Ombi la kwanza liliingia KIPI, ambao ndio taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya. Ada za ombi la nyumbani ni nafuu ukilinganisha na yote yanayofuata, na kinachokula pesa hapo ni wakala. Msibane pesa kwa wakala wa maandishi. Banieni popote pengine.

Sasa majina. Tulikuwa wavumbuzi watatu, na tulikuwa na kampuni. Nani awe mwombaji? Ada kuu ya kimataifa ya PCT ni faranga 1,330 za Uswisi, na faranga 15 kwa kila ukurasa unaozidi 30. Lakini mwombaji ambaye ni mtu binafsi, raia na mkazi wa nchi iliyo kwenye orodha, na Kenya imo, anapunguziwa asilimia 90. Karibu laki mbili za Kenya zinashuka hadi elfu ishirini hivi. Sharti ni kwamba waombaji wote watimize masharti. Ukiandika kampuni ya Kenya pembeni ya jina lako, punguzo lote linaondoka. Na kama mmeshafungwa na mkataba wa kuipa kampuni uvumbuzi huo, punguzo si lenu hata mkiandika majina yenu matatu, kwa kuwa mwenye mali tayari ni kampuni. Kwa makampuni, punguzo lipo kwa nchi zilizo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, kama Uganda, Tanzania na Rwanda. Kenya haimo kwenye kundi hilo.

Upande wa pili wa majina ni hatari zaidi. Anayedai kipaumbele awe ndiye yuleyule aliyewasilisha ombi la kwanza, au awe amekabidhiwa haki hiyo. Watu watatu wakiwasilisha KIPI, halafu mwaka unaofuata kampuni ikawasilisha PCT bila hati ya makabidhiano iliyotiwa sahihi kabla, kipaumbele kinaweza kubomolewa miaka mingi baadaye na mshindani anayelitafuta kosa hilohilo. Ofisi ya hataza ya Ulaya ililegeza msimamo wake Oktoba 2023 kwa kuanza na dhana kwamba haki ya kipaumbele ipo, lakini dhana inaweza kupingwa. Hati ya makabidhiano ni ukurasa mmoja. Tieni sahihi mapema. Na kama uliajiriwa kufanya utafiti, soma mkataba wako wa kazi kabla ya haya yote, kwa sababu sheria ya Kenya inampa mwajiri uvumbuzi uliofanywa kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwezi wa 7 springi zilianza kuganda kwa mabaki ya maziwa, na utando wa mpira ukaboreshwa: ukapewa mbavu tatu kwa ndani. Mbavu hizo hazikuwa kwenye ombi la KIPI. Hapo wengi hungoja mwezi wa 12 wakidhani wataziongeza kwenye PCT na zitapata tarehe ya kwanza. Hazipati. Tuliwasilisha ombi la pili la mbavu peke yake mwezi uleule, kisha PCT ikadai vipaumbele viwili. Miezi 12 inahesabiwa tangu kile cha mapema.

Siku ya mwisho ya mwezi wa 12 usiifikie ukiwa bado unaandika. Ukichelewa, PCT inaruhusu kuomba kurudishiwa kipaumbele ndani ya miezi miwili zaidi, lakini si kila nchi inalikubali ombi hilo, na nyingine zinataka uthibitishe kwamba ulichukua kila tahadhari. Siku ya mwisho ikiangukia Madaraka Dei na KIPI imefungwa, siku ya kazi inayofuata inakubalika. Mkenya anaweza pia kuwasilisha moja kwa moja kwa mtandao Geneva, makao ya WIPO, shirika la dunia la mali ya akili linalosimamia PCT, ila huko Madaraka Dei ni siku ya kazi kama nyingine. Saa inayotumika ni ya Geneva, nyuma ya Nairobi kwa saa moja au mbili. Ni afueni ndogo kwa aliyebanwa, lakini usipange kuitegemea.

Malipo yalitutoa jasho kuliko fomu. KIPI unalipa kwa eCitizen na risiti inatoka papo hapo. Faranga zinapita benki, na benki za katikati zinakata zao njiani. Unatuma kamili, inafika pungufu, na ofisi inakuandikia kwamba hujamaliza kulipa. Mwambie karani wa benki kwamba gharama zote za kutuma ni juu yako, na uhakikishe ameandika hivyo kwenye fomu. Ada zinatakiwa ndani ya mwezi mmoja tangu ombi lipokelewe, na ukichelewa unaweza kutozwa nyongeza ya nusu ya kile kilichobaki. Kuna pia ada ya upekuzi ya kimataifa. Tukichagua ofisi ya Ulaya itufanyie, ni zaidi ya euro 1,800, ila mtu binafsi wa nchi ya kipato cha chini au cha kati-chini, kama Kenya, hulipa robo. Nakala iliyothibitishwa ya ombi la kwanza inatakiwa kabla mwezi wa 16 haujaisha. Ukiwasilisha PCT kupitia KIPI, wao wenyewe wanaweza kuiandaa na kuituma. Weka alama kwenye kisanduku chake.

Ripoti ya upekuzi ilikuja mwezi wa 16. Ni jedwali lenye hati zilizopatikana na herufi pembeni ya kila moja. A ni ya usuli tu. Y inakuangusha ikiunganishwa na nyingine. X inakuangusha peke yake. Dai letu la kwanza lilikuwa na X, kutoka kwa kifuniko cha debe la rangi kilichochapishwa muda mrefu kabla hatujazaliwa, tena kikiwa ndani ya B65D 51/16. Mtu anaposoma X hiyo usiku, anaona kila kitu kimekwisha. Ila soma safu ya tatu, inayoonyesha herufi hiyo inagusa madai gani. Yetu iligusa dai la 1, 2 na 4. La 3, utando wa mpira unaong'oka kwa mkono ili uoshwe, lilikuwa na A peke yake. Debe la rangi halioshwi kila siku. Mtungi wa maziwa unaoshwa. Dai la 3 likaunganishwa na la 1, na ndani ya miezi miwili marekebisho yakaenda Geneva. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu sentensi moja kuhusu kuosha iliandikwa siku ya kwanza.

Mwezi wa 18 ombi linachapishwa na jina lako linaonekana na kila mtu. Barua zikaanza kuja, zenye nembo zinazofanana na za kiserikali, zikidai mamia au maelfu ya dola kwa ajili ya "kusajiliwa" kwenye orodha fulani. Ni ulaghai, na shirika la WIPO lenyewe huwaonya waombaji kuhusu barua hizo. Usilipe chochote ambacho wakala wako hajakithibitisha.

Halafu mwezi wa 30 unakaribia na ndipo pesa halisi zinapoanza. Tulijiuliza maswali matatu kwa kila nchi. Kifuniko kitauzwa huko? Kuna kiwanda huko kinachoweza kukiiga? Tutaweza kulipa ada ya kila mwaka huko kwa miaka kumi? Kenya ilikuwa tayari mkononi. Uganda, Tanzania, Rwanda na Zambia tulizipitia ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la mali ya akili lililoko Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982: ombi moja, mkaguzi mmoja, na unachagua nchi unazotaka. Kabla ya kutoa, ARIPO huzijulisha nchi hizo, na kila moja ina miezi 6 ya kusema haitaitambua. Kuingia ARIPO ni mwezi wa 31. Nigeria na Afrika Kusini hazimo ARIPO, na Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, kwa hiyo usidhani Tanzania imekuletea visiwa.

India tuliichagua kwa sababu mitungi mingi ya maziwa inatengenezwa huko na Kiingereza kinakubalika. Angalieni sana ushauri wa zamani. Awali India iliruhusu kuomba ukaguzi hadi mwezi wa 48. Tangu Machi 2024 ni mwezi wa 31, sawa na wa kuingia. Aliyesoma mwongozo wa kale anapoteza ombi akidhani ana mwaka mzima mbele. Wanataka pia kuarifiwa kuhusu maombi yako ya nchi nyingine, na taarifa ya mara kwa mara kama uvumbuzi unatumika India. Afrika Kusini, nchi yetu ya saba, ni kinyume: kwa kawaida hawakagui upya wa uvumbuzi, hataza inatoka haraka, na ubovu wake unakuja kuonekana mahakamani. Rekebisha madai yako kabla hawajaitoa.

China tuliiacha, na bado roho inatuuma. Kila kitu kinatakiwa kwa Kichina, na kwa maelezo yetu marefu tafsiri peke yake ilizidi gharama ya ARIPO yote. Marekani tuliiacha bila majuto, maana hakuna anayebeba maziwa kwa pikipiki huko, na jibu moja kwa mkaguzi kupitia wakala wa huko hugharimu kwa kawaida maelfu ya dola. Atakayeingia Marekani akumbuke kwamba ana wajibu wa kuwapa kila hati iliyopatikana dhidi yake nchi nyingine, ile X ikiwemo. Kuificha kunaweza kuifanya hataza isitekelezeke kabisa.

Ada za mwaka ndizo zinazowamaliza wengi baada ya kufaulu. ARIPO inazihesabu kwa kila nchi uliyochagua na zinapanda mwaka hadi mwaka, hadi miaka 20 iishe. Kuna miezi 6 ya kulipa na faini ukichelewa, kisha haki inaanguka. Tulifungua daftari moja: namba ya ombi, nchi, tarehe, kiasi, nani analipa. Anwani iliyoandikwa kwenye maombi yote si ya mmoja wetu. Ni barua pepe ya pamoja, na watu wawili wana neno la siri lake. Kila tarehe 1 ya mwezi mmoja wetu anaifungua na kuandika kwenye daftari kwamba ameifungua, hata kama hakuna kilichoingia.